Maswali ya Wasomaji: Niliwahi kuugua kisonono, je, nitapata mtoto?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 29 na niliolewa mwaka jana. Nilipokuwa chuoni niliugua kisonono, na kwa aibu nikavumilia maumivu chini ya kitovu kwa karibu wiki mbili kabla ya kwenda zahanati, ambako nilichomwa sindano nikapona. Huu ni mwezi wa tisa tunatafuta mtoto bila mafanikio. Wifi yangu ananihimiza ninunue dawa ya kusafisha kizazi. Je, ugonjwa ule ndio ulioniharibia? — A.M., Morogoro

JIBU: Marahaba. Huenda umechangia, lakini hilo bado halijathibitishwa na chochote ulichoniandikia. Vijidudu vya kisonono huanzia kwenye mlango wa kizazi, na vikitibiwa mapema huishia hapo bila kuacha athari. Vikicheleweshwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, ambayo kwa ndani imefunikwa na vinyweleo laini mno vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye kizazi. Uvimbe wa mahali hapo ukishatulia huacha makovu yanayoweza kuuziba mrija au kuubana. Dawa huua vijidudu lakini haifuti kovu, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa amepona kabisa na bado akapata shida ya kushika mimba. Maumivu uliyoyavumilia yananifanya nishuku kwamba ugonjwa wako ulikuwa umeanza kupanda.

Hata hivyo, usikate tamaa. Katika mji wa Lund, Sweden, watafiti waliwafuatilia wanawake waliokuwa wamethibitika kuwa na uambukizo uliofika kwenye mirija, na wakaona kwamba baada ya kuugua mara moja takriban asilimia 8 walikuwa wagumba kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili walikaribia asilimia 20, na waliougua mara tatu au zaidi walifika asilimia 40. Wengi wa waliougua mara moja, kwa hiyo, hawakupata tatizo hilo. Kinachoongeza hatari ni kurudia kuambukizwa na kuchelewa kutibiwa.

Jambo jingine la kuuliza ni kama ulitibiwa pia klamidia, kwa sababu magonjwa haya mawili huandamana mara nyingi, na sindano ya kisonono peke yake haitoshi kuimaliza klamidia. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote. Wapo pia wanaoambiwa mwaka hadi mwaka kwamba wana “UTI sugu” na kupewa dawa moja baada ya nyingine bila sampuli kupelekwa maabara. Huo ni utaratibu ambao mimi siuungi mkono.

Kuhusu ushauri wa wifi yako, naomba umshukuru na usiufuate. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi, na hakuna mzizi, kidonge cha mtandaoni wala kitu cha kuingiza ukeni kinachoweza kuzibua mrija ulioziba kwa kovu. Vingi vya vitu hivyo huwasha na kuharibu kinga ya asili ya uke, na muuzaji hatakuwapo siku utakapopata madhara.

Kwa kawaida, mwanamke aliye chini ya miaka 35 hushauriwa kujaribu kwa miezi 12 kabla ya kuanza vipimo, na aliyefikisha umri huo miezi 6. Kwa historia yako nisingesubiri. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mweleze yote, na umwombe ushauri kuhusu picha ya mirija, yaani HSG, ambayo hupigwa kwa eksirei baada ya hedhi kuisha na kabla ya yai kupevuka. Mumeo naye apimwe mbegu wakati huohuo, kwa kuwa haifai mke apite katika vipimo vizito ilhali cha mume, ambacho ni chepesi, hakijafanyika. Mirija yote miwili ikikutwa imeziba, upo upasuaji kwa baadhi ya hali, na upo urutubishaji wa yai nje ya mwili, ingawa gharama yake ni kubwa.

Ukishika mimba, usingoje miezi mitatu ndipo uende kliniki. Mrija wenye kovu huweza kuinasa mimba njiani, kwa hiyo fanya altrasaundi kwenye wiki ya 6 au ya 7. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kutokwa damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega ni dharura ya kukimbiza hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Nilitibiwa kaswende miaka mitatu iliyopita, lakini kliniki wamenipima na kuniambia bado ninayo. Mume wangu sasa ananituhumu. — Mama Mtarajiwa, Mombasa

JIBU: Kipimo cha haraka cha kliniki huonyesha kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi ya kaswende, na kwa watu wengi kinga hiyo hubaki kwenye damu maisha yote hata baada ya kupona. Majibu hayo, peke yake, si ushahidi wa maambukizi mapya wala wa uasherati. Omba kipimo cha RPR au VDRL, ambacho kiwango chake hushuka baada ya tiba. Kipimo hicho kisipopatikana, au kukiwa na shaka yoyote, kubali kuchomwa penisilini tena, kwa kuwa hatari ya kuacha ni kubwa mno: katika utafiti uliofanyika Mwanza, takriban mmoja kati ya wajawazito wanne waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa alijifungua mtoto mfu, wakati waliotibiwa kwa penisilini hawakuwa na hatari kubwa kuliko wasio na ugonjwa. Mumeo naye apimwe na kutibiwa ikibidi; afike kliniki asikie maelezo haya kutoka kwa mhudumu mwenyewe.

SWALI: Kisonono cha ujana kinaweza kumfanya mwanamume asizae? — J., Dodoma

JIBU: Ndiyo, ingawa si mara nyingi, hasa kama korodani ilivimba na kuuma, kwa sababu njia za kupitishia mbegu zinaweza kuziba. Pima mbegu baada ya kujizuia kufanya tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, na majibu yakiwa mabaya rudia kipimo kabla ya kuamini lolote.