Volti inashuka ukibonyeza: anza na kitufe

Ndugu, moduli ya sigara yako ya kielektroniki (saketi inayolisha koili) usiitupe. Umesema bila koili (waya unaopata moto) mita inasoma volti 4.2, ukifunga koili ya omu 0.5 inashuka hadi 3 na kitufe kinachoma kidole. Piga hesabu: volti 3 gawanya kwa omu 0.5 ni ampea 6. Volti 1.2 iliyopotea inapotelea njiani, karibu wati 7 (1.2 mara 6), na ule moto wa kitufe unakuonyesha ni wapi. Vile vitufe vidogo vya saketi vingi ni vya miliampea 50 tu!

Hakikisha: weka ncha za mita kwenye miguu miwili ya kitufe, bonyeza sekunde mbili. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, umempata mwizi wa volti. Kisha pima hivyohivyo kila kiungo cha lehemu.

Dawa ni mosfeti ya N (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu: geti, dreni na sosi) inayopitisha umeme vizuri hata kwa volti ndogo kwenye geti. Sosi iende hasi ya betri, dreni iende hasi ya kuingilia ya moduli, kitufe kiwe kati ya chanya ya betri na geti. Usisahau rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti na sosi. Bila hiyo koili inaweza kuwaka yenyewe mfukoni.

Na tafadhali sana, weka fyuzi kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Betri ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara) iliyochanika ganda la plastiki usiitumie hata kwa kujaribu.