Ukitaka kwenda nje kutazama ndege wa baharini, anza na nahodha

Safari yangu ya kwanza ya kwenda nje kutazama ndege wa baharini niliipanga kwa kalenda ya ukutani. Niliona tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, hakuna kazi, nikawapigia simu wenzangu sita ambao huwa tunahesabu ndege pamoja pale Daraja la Selander maji yakipwa. Tukachangishana, nikalipa boti. Mwenye boti alikubali kila nilichomwambia, na hapo ndipo ningepaswa kuanza kuogopa.

Tulitoka Kigamboni saa 12 asubuhi. Karibu na pwani maji yalikuwa ya kawaida tu. Tulipovipita visiwa vya Sinda tukakutana na upepo wa kusi wa mwezi wa nane, bahari imechafuka, chombo kinapanda na kushuka, na kila kikishuka maji yanatumwagikia mpaka kiunoni. Wanne kati yetu walitapika. Injini moja ikaanza kukohoa. Nilipomwomba kijana wa boti awashe redio, ikaonekana betri yake imekufa siku nyingi. Tuligeuza baada ya saa moja na nusu, tumeona buabua, wale ndege wembamba wa baharini, watatu na hakuna zaidi. Pesa za watu zilikuwa zimeshaingia kwenye petroli. Mwenzetu mmoja hajapanda boti tena tangu siku ile, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana anayeniuliza namna ya kupanga safari hii humwambia asitafute boti. Atafute nahodha, kisha siku aipange nahodha.

Wangu nilimpata Feri, kwenye soko la samaki. Sikuuliza nani anakodisha boti, niliuliza nani analeta jodari. Nina sababu. Jodari huwasukuma samaki wadogo juu, na ndege huwaona kutoka mbali wakajazana pale. Mvuvi wa jodari kwa hiyo anaishi kwa kutazama ndege kuliko sisi tunaojiita watazamaji. Mzee niliyeelekezwa kwake aliniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia popote: ndege wakipita juu kwa mstari mmoja bila kugeuka, hao wako safarini, usiwafuate. Wakizunguka na kuinama, samaki yuko chini lakini bado ana kina. Wakianza kujitupa majini, kaza mwendo. Kwa majina yeye huwaita karibu wote membe, na mimi sikujaribu kumrekebisha. Alikuwa akiwatofautisha kwa mwendo wa mabawa kabla mimi sijaiweka darubini jichoni.

Alinipa masharti mawili. La kwanza, siku ataichagua yeye. La pili, hata tukiwa tumeshafika ufukweni na mizigo yetu, akisema hatuendi, hatuendi, na asisikie mtu ananung'unika. Nilikubali papo hapo. Na kweli, mara ya kwanza alituambia, "Wanangu, leo bahari haitaki wageni," saa 11 alfajiri, watu wazima wanane tumesimama mchangani na vikapu vya chakula. Kwangu mimi anga lilikuwa safi kabisa. Tulirudi mjini tukahesabu ndege Selander. Mchana ule upepo ulipanda hata mitende ya Barabara ya Ocean ikawa inalala.

Kwa hiyo wachangiaji waambie mapema: tarehe zipo mbili, ya kwanza na ya akiba, na pesa ikishatolewa haitarudi kwa sababu ya mtu kubadili mawazo, ila itahamia tarehe ya pili nahodha akiahirisha. Liandike hilo kwenye kundi lenu la simu kabla hujapokea mchango wa kwanza.

Majira yenyewe hayana siri. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi linavuma, na Juni hadi Agosti ndiyo kilele chake. Desemba na Januari ni kaskazi, nayo ina siku zake mbaya. Unachokitaka ni tanga mbili, kile kipindi upepo unapobadilika: Machi kabla ya masika kukolea, au mwisho wa Oktoba na Novemba. Tazama pia mwezi angani. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, na mkondo ukikutana na upepo unaotoka upande wa pili, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, ambayo huchosha mwili kuliko mawimbi makubwa yaliyolala. Mimi huomba siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari, usome jioni ya kuamkia safari, kisha bado mwulize mzee.

Sasa chombo. Kwa kwenda mbali usikubali injini moja, hata ikiwa mpya. Omba kuona cheti cha ukaguzi wa chombo, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini ni TASAC, na mwenye boti aliye sawa hakasiriki ukiuliza. Hesabu makoti ya kuokolea kwa mikono yako, jaribu vifungo, hasa kama kuna mtoto au mtu mwembamba. Redio iwashwe mbele yako na uisikie ikipokea kwenye chaneli ya 16, kwa sababu simu ya mkononi itakuacha mapema. Petroli tunagawa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu halina kazi, linakaa. Ukisikia "inatosha, bosi" bila kuonyeshwa madumu, shuka.

Mahali tunapokwenda ni Fungu Kizimkazi, ambalo ramani nyingi huliita Latham. Liko kama kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam na ni sehemu ya Zanzibar. Ni kisiwa kidogo cha matumbawe, kipara, kimeinuka mita chache tu juu ya maji, na pembeni yake bahari inashuka kilindini. Mti haupo. Ila ndege! Unaisikia sauti yao na kuipata harufu yao kabla hujaliona fungu lenyewe. Kuna buabua wenye kishungi, kuna wale wenye mgongo mweusi na tumbo jeupe (Onychoprion fuscatus), ambao wakishaacha kiota hukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa. Kuna wa kahawia wenye utosi mweupe kama kofia ya kuswalia. Na kuna mkubwa wao, Sula dactylatra, mweupe pe, ncha za mabawa nyeusi, uso umefunikwa weusi kama barakoa. Huyu ndiye anayewageuza watu. Mara yetu ya kwanza kumwona alikuja mwenyewe, akapita usawa wa omo, mbele ya boti, akageuza kichwa kututazama na jicho lake la njano, akakaa hapo hapo akiruka kwa mwendo wetu. Nahodha akacheka: ndege alikuwa anawasubiri panzi, wale samaki wanaoruka, ambao boti yetu ilikuwa ikiwashtua. Akawa anawachota hewani mmoja mmoja, umbali wa mkono wangu na nusu.

Msishuke. Nalisema kwa uzito wote nilio nao. Ndege hawa wanataga chini kabisa, juu ya ardhi, na jua la pale ni kali. Mzazi akiruka kwa kukuogopa wewe, yai linabaki juani, na halihitaji muda mrefu kuharibika. Huyu mweupe hutaga mayai mawili na kwa kawaida hulea kifaranga mmoja tu, hana cha kupoteza. Zungukeni kwa mbali, injini ikiwa chini, picha zinatoka vizuri tu.

Kwa wanaofika kuchungulia tu na kuwahi chakula cha mchana nyumbani, ipo safari fupi ya Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini kutokea Kunduchi. Ni maeneo tengefu tangu 1975, kuna ada ya kuingia. Hamtaona ndege wa bahari kuu, lakini bahari ni ya upole na ni mahali pazuri pa kumjaribu mtu ambaye hajui tumbo lake likoje. Mabaki ya chakula rudini nayo, kunguru hawahitaji msaada wetu.

Kuna jambo moja napenda kila kikundi kilifanye huko nje. Nunua chupa ya sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi hupaka vyombo. Ifungie kwenye mfuko, mfuko ndani ya ndoo, ndoo iwe tezi, yaani nyuma ya chombo, vinginevyo harufu itawaangusha watu kabla ya bahari. Chukua na bisi, zile za mahindi, bila chumvi. Mkifika penye kina zimeni injini, changanya bisi na sifa, mwaga kidogo kidogo upande upepo unakoelekea. Maji yanalainika, unauona utelezi unajivuta kwenda mbali. Kisha subirini. Kwa dakika 20 hakuna kitu, na watu wanaanza kuongea habari za foleni ya Mwenge. Halafu mtu mmoja ananyamaza na kunyoosha kidole.

Novemba moja alikuwa petreli mdogo, Oceanites oceanicus, mweusi, kiuno cheupe, hazidi mbayuwayu kwa ukubwa. Alikuja akifuata harufu, maana hawa wana pua kama mrija na hunusa mafuta ya samaki kutoka mbali. Alishusha miguu yake mirefu, akawa anapigapiga uso wa maji kama anayetembea juu yake, anaokota chembe moja, anasogea, anaokota nyingine. Wanazaliwa Antaktika. Amevuka bahari zote hizo, yuko mbele yangu anakula bisi kutoka Manzese. Nilishindwa kupiga picha, nilikuwa nimeshika tu ukingo wa boti.

Kuhusu kigegezi, yaani kichefuchefu cha baharini: mlale mapema, mle kitu kikavu asubuhi, maandazi au viazi vya kuchemsha, msije na tumbo tupu wala na supu ya mafuta. Dawa ya safari inywewe mapema kabla ya kupanda, mwulizeni mwuza dawa, na mwenye mimba au ugonjwa amwone daktari kwanza. Anayeanza kuzidiwa akae tezi, atazame upeo wa macho, aache simu. Darubini ya 8x, inayokuza mara nane, inatosha, ya 10x kwenye boti inatikisika mno. Na kwa kuwa boti nyingi hazina choo, beba ndoo na khanga mbili za kufunga pazia. Wanawake watatu waliwahi kuniambia kwamba hofu hiyo peke yake ndiyo iliyowazuia kuja, na sisi wanaume tulikuwa hatujawahi kuiwaza.

Chagueni mtu mmoja wa kuongea na nahodha. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na watu wanane wanaopiga kelele "kushoto, kulia" kwa sababu ya ndege mmoja ni manahodha wanane.

Saa 6 mchana geuzeni kurudi, hata kama ndege wamechanganya. Orodha ya majina, jina la boti na saa ya kurudi mwachie mtu nchi kavu, pamoja na namba ya Polisi Wanamaji ya kupiga saa hiyo ikipita. Mimi humwachia shemeji yangu wa Kigamboni. Mtandao ukirudi, Sinda ikiwa mbele yetu, ujumbe wa kwanza ni wake: "Tunaingia, sote wanane." Hujibu kwa neno moja, "Alhamdulillah," na wali unaanza kupikwa.