Nilipata sapu ya hesabu, kisha nikapata sapu ya dagaa

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Simbo, kwetu Kigoma. Ameanza na "Shikamoo dada", nami nina miaka 23, nikaitikia marahaba huku nacheka peke yangu. Anasema amemaliza form four, hesabu amepata F, masomo mengine ana C na D, anataka kuwa programa, yaani mwandishi wa programu za kompyuta, na anaomba nimtajie laptopu nzuri ya kuanzia. Basi. Hakuuliza kitu kingine.

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Kufika saa saba usiku bado naandika, nikaona bora niyaweke hapa, maana ujumbe wa namna hii napokea karibu kila wiki na wote mnauliza laptopu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za F.

Nasoma hesabu na kompyuta, mwaka wa tatu. Wengi mmenifahamu kwa sababu ya ile programu ya simu inayowapigia hesabu za biashara kina mama wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi, na pongezi zenu nimezipokea, sitajifanya sizipendi. Ila kuna mambo mawili yaliyotangulia ambayo sijawahi kuyasema hadharani. La kwanza ni sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli somo.

Mwaka wa kwanza nilishika sapu, tena si ya somo la pembeni. Ya hesabu yenyewe, somo lililonipeleka chuo, somo lililofanya mtaani kwetu Gungu niitwe Profesa tangu darasa la sita. Nilipata 31. Naitaja kwa tarakimu kwa sababu kwa muda mrefu nikiulizwa nilikuwa najibu "nilipungukiwa kidogo". Sikupungukiwa kidogo.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye semina. Nilinyoosha mkono kuuliza juu ya limiti, yaani thamani ambayo hesabu inaikaribia, Kiingereza kikanikwama katikati ya sentensi, nikamalizia kwa Kiswahili. Aliyekuwa anatufundisha akanitazama, kisha akaliambia darasa kwamba wenye lugha ya sokoni warudi sokoni. Watu wakacheka. Nikakaa. Sikuuliza swali tena mpaka mwaka ukaisha. Leo nikipita karibu na chumba kile masikio bado yanapata moto. Najua mnangoja niseme nimeshasamehe. Tuendelee.

Kwa hiyo nikakariri. Fasili ya limiti niliibeba kama mtoto anavyobeba wimbo wa lugha asiyoijua: epsiloni kubwa kuliko sifuri, ipo delta, neno kwa neno, sina hata koma iliyonipotea. Mtihani ukaligeuza swali kidogo tu. Mimi sikuwa na cha kugeuza.

Nikarudi Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, usiku mbili kwenye behewa la daraja la tatu, daftari liko kwenye begi na sikulifungua hata mara moja. Mama hakuniuliza matokeo. Nafikiri aliyasoma usoni. Kesho yake alfajiri akanichukua mwaloni, akanipa mzani. "Msomi, nishikie hapa."

Mama yangu ananunua dagaa wabichi Kibirizi, anawaanika kwenye chanja, anawauza wakavu kwa watu wanaowapeleka Dar es Salaam. Asubuhi ile alikuwa na mteja msumbufu. Anataka mifuko mitatu ya kilo mojamoja, na kwa jumla isipungue zaidi ya gramu 30, kwa sababu safari iliyopita alipunjwa mahali. Mama hata uso hakuinua. Akasema, "Basi kila mfuko nisikosee zaidi ya gramu 10."

Nikabaki nimesimama na mzani mkononi.

Mteja anataja upungufu anaoweza kuuvumilia. Mama anataja uangalifu utakaotosha kumridhisha. Mteja akisema gramu 3, mama atasema gramu 1. Akisema nusu gramu, mama ataguna na kumwita mchawi, lakini jibu lipo, ni kugawa kwa tatu. Taja kiasi chochote unachotaka, mradi si sifuri, mimi nitakutafutia cha kukujibu. Limiti ndiyo hiyo! Epsiloni ni ya mteja, delta ni ya mama. Mwaka mzima nilikuwa nakariri mapatano ya bei bila kujua kwamba ni mapatano ya bei.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima kwa Kiswahili, mteja na mama wakibishana, kisha ndipo nikauhamishia kwenye Kiingereza cha mtihani. Nikafanya hivyo kwa kila fasili. Zingine zilikubali haraka, zingine zilinisumbua wiki nzima. Septemba nikarudia mtihani, nikafaulu vizuri. Kwenye rekodi zangu imeandikwa C, maana kwetu sapu hata ukipata zote hupewi zaidi ya hapo. Mimi ninajua niliandika nini.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya laptopu: kitu elewa kwanza kwa lugha unayopatania bei. Kiingereza kitakuja, ni lazima kije, kwa sababu mtihani uko kwa Kiingereza na mwajiri atakuhoji kwa Kiingereza. Lakini kikija juu ya kitu usichokielewa, utakuwa umekariri tu kwa lafudhi nzuri.

La pili sasa, dagaa wenyewe.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Nilipokuja likizo nikakuta kina mama wamekaa, mwalo umenyamaza, wengine wamehamia kwenye mawese. Nikaona muda ndio huu. Kina mama hawa hesabu zao zote ziko kichwani au nyuma ya kalenda ya ukutani, na kwenye kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, wakiomba mkopo wanaulizwa faida yao ni kiasi gani, wanabaki kusema "Mungu anasaidia". Nitawaandikia programu. Wataingiza manunuzi na mauzo, mwisho wa mwezi simu inasema faida ni hii.

Niliimaliza kwa siku 9. Sehemu kubwa nilisaidiwa na akili mnemba (AI), sioni haya kusema, wote tunaitumia. Ilikuwa nzuri kwa macho: vitufe vya kijani, grafu inayopanda, neno FAIDA kwa kijani na HASARA kwa wekundu. Ziwa lilipofunguliwa niliweka kwenye simu 11, nikawa natembea mwaloni kifua mbele. Kuna siku nilivaa fulana ya chuo makusudi.

Agosti 31 simu zote 11 zikaandika HASARA.

Nikakagua mistari ya msimbo usiku kucha. Hakukuwa na kosa. Kujumlisha sawa, kutoa sawa. Asubuhi nikaambiwa mama mmoja alikuwa tayari ameionyesha simu yake kwenye kikoba, akidhani itamsemea vizuri, na wenzake wamemnyima mkopo. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye chanja, akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, simu yako haijui mwezi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nimezaliwa Kigoma, nimekula dagaa kabla sijaota meno yote, na jambo hili nalijua kama ninavyojua jina langu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Biashara nzima ya Kibirizi inakwenda kwa giza, giza hadi giza. Mtaji unamwagwa giza linapoanza, wanaanikwa, wanauzwa, mbalamwezi inafika watu wanapiga hesabu.

Tazama sasa nilichofanya. Mwaka ule mwezi mpevu ulikuwa Agosti 19, na mwezi mwandamo ukaja mwanzoni mwa Septemba. Giza lilianza wiki ya mwisho ya Agosti. Kina mama wakamwaga mtaji wote siku zile zile, na programu yangu ikafunga hesabu tarehe 31, dagaa wakiwa bado kwenye chanja. Pesa imetoka, haijarudi. Hasara! Nililikata giza katikati kwa panga. Na kosa hili si la akili mnemba. Niliiomba ripoti ya kila mwezi, ikanipa ya kila mwezi. Mimi wa Gungu ndiye niliyetakiwa kujua ni mwezi upi.

Aliyenitoa hapo ni babu yangu wa Ujiji, mzaa mama, anayefundisha madrasa na ambaye tarehe za Januari na Februari huwa anaziuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Yeye anahesabu mifunguo, miezi ya Kiislamu inayoanza kwa mwezi mwandamo. Nilipomweleza akacheka, akasema mbona jambo lenyewe jepesi: giza liko mwisho wa mfunguo mmoja na mwanzo wa unaofuata, mwezi unajaa kumi na nne, kumi na tano. Funga hesabu zako mwezi ukijaa. Kisha akaniongezea kwamba katika kila miaka thelathini, kumi na mmoja ina siku 355 na iliyobaki 354.

Nikatoa simu. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwingine ni wastani wa siku 29.5306. Zidisha kwa 12 unapata siku 354 na kama 0.37 juu. Hiyo 0.37 izidishe kwa 30. Inakuja kama 11. Babu hajawahi kushika kikokotoo, lakini desimali hiyo anaitunza kwa hesabu za wazee, na kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kuliko wa ukutani, ndiyo maana Ramadhani hutangulia kama siku kumi na moja kila mwaka. Nikabadilisha mistari michache, programu ikawa inafunga hesabu tarehe 15 ya mfunguo badala ya mwisho wa mwezi wa ukutani. Ndiyo hiyo mnayoisifu. Kazi ya siku moja, baada ya siku 9 za upuuzi.

Babu huyu ndiye aliyenianzisha, na nilikuwa nimemsahau. Nikiwa darasa la sita walikuja watu kwake na mirathi: mwanamke amefariki, hana mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume nusu. Dada wawili theluthi mbili. Mimi nilikuwa nagawa kahawa, nikaropoka, "Babu, haiwezekani, mafungu yamezidi mali." Wazee wakanitazama kwa jicho la nani huyu. Babu akaniita nikae. Nusu ni mafungu matatu kati ya sita, theluthi mbili ni manne kati ya sita, jumla yamekuwa saba kwenye mali ya mafungu sita. Basi mali ikatwe saba. Mume matatu, dada manne, kila mtu amepungukiwa kwa uwiano ule ule. Chuoni ndiko nilikokuja kusoma kwamba mwanahesabu al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye neno algorithimu limetokana na jina lake, sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra ni hesabu za mirathi. Nilisoma hapo nikafunga daftari. Lugha ya sokoni, eti.

Sasa niseme nanyi mnaoambiwa kila siku kwamba koding ndiyo kutoboa. Mmeuziwa kozi za wiki sita, mmeuziwa laptopu, mmeuziwa vyeti vya mtandaoni, na anayewauzia hajawahi kuwauliza mafungu saba kwenye mali ya sita ni nini. Sekondari niliyosoma ilikuwa na chumba cha kompyuta, zimefunikwa vitambaa vya mashono kama makochi ya bibi harusi, ufunguo uko kwa mtu ambaye hayupo. Tuliingia kuzipangusa vumbi siku wageni wanapokuja. Nimegusa kompyuta kwa mara ya kwanza nikienda chuo, na jamani, hilo silo lililonichelewesha! Kilichonichelewesha ni aibu. Kuona aibu kuuliza kwa Kiswahili, kuona aibu kwamba mama anauza dagaa, kumwona babu kama mtu wa zamani. Acheni aibu. Ulizeni. Kaeni na watu wenu muwaulize wanahesabuje, kisha muwaulize tena. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimelipia, tena na mama wa watu alinyimwa mkopo kwa ajili yangu.

Haya, binti wa Simbo. Risiti hesabu, yaani rudia mtihani wake. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Novemba, una muda. Ukitaka PCM (fizikia, kemia, hesabu) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu) lenga C kwenda juu, usiridhike na D. Chukua mtihani uliopita, swali ulilolikosa liandike upya kwa Kiswahili kabla hujaligusa. Kila siku moja. Laptopu ya mtumba inatosha, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iwe GB 8, iwe na SSD (diski ya kasi), usibabaishwe na rangi, na uinunue ukishafaulu. Yangu betri imekufa tangu mwaka jana, umeme ukikatika nami nimekatika.

Nilimtumia hayo alfajiri. Ameshajibu. Habari za laptopu hajazigusa tena. Anasema mama yake ananunua mawese kwa dumu la lita 20 na kuuza kwa chupa, na kila mara mwisho wa dumu chupa moja haionekani imekwenda wapi, sasa anataka kujua kama hiyo nayo ni hesabu. Nimemwambia apime chupa yenyewe kwanza, aniletee majibu jioni.