Namna ya Kupata Neno Refu la Kiingereza Lenye Herufi Ulizopewa

Ukipewa herufi Q, F, N na T, ukaambiwa utaje neno refu la Kiingereza lenye zote nne, usianze kubahatisha. Anza na Q. Ndiyo inayokubana kuliko nyingine, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayokusaidia zaidi: maneno yenye Q ni machache, na karibu kila mara Q hufuatwa na U. Sasa tazama tatu zilizobaki. Kiingereza kina kiambishi tamati kimoja kinachozibeba zote kwa mpigo: -fication. Kiweke mwishoni, kisha utafute mwanzo wenye QU. Quantification hilo hapo, herufi 14. Endelea kidogo utapata disqualification, herufi 16.

Naipenda sana michezo ya maneno, na wanaoanza huniuliza kama ni lazima kukariri kamusi. Hapana. Neno refu halitafutwi likiwa zima, hujengwa. Maneno mengi marefu ya Kiingereza ni mzizi mfupi ulioongezewa viambishi mbele na nyuma. Sisi tuliozoea kuchambua vitenzi vya Kiswahili tunaijua kazi hii vizuri. Tofauti ni kwamba Kiingereza hupenda kurundika zaidi nyuma. Kwa hiyo macho yako yaende mwisho wa neno kwanza.

Tamati za kuziweka kichwani si nyingi: -tion, -ment, -ness, -able, -ing, -ive, -ology, -graphy. Uzuri wake ni kwamba hubebana. Ukiwa na -able unaweza kufika -ability. Ukiwa na -ive unaweza kufika -iveness. Ukipewa W pamoja na S mbili, fikiria -worthy ikigeuka -worthiness, na trustworthiness litakuja lenyewe, herufi 15.

Herufi adimu nazo zina tabia zake. J hupenda kukaa katikati, ndani ya -ject-, kama katika interjection na objectionable. X hutokea sana mwanzoni, kwenye ex- na extra-. Z hukuelekeza kwenye -ization, ila kumbuka kwamba Waingereza wengi huandika mwisho huo kwa S, hivyo ukitakiwa kutumia Z fikiria tahajia ya Marekani. P, H na Y zikija pamoja, mara nyingi una neno lenye asili ya Kigiriki, hasa la sayansi au sanaa. Jaribu -graphy. Ukiwa na C na M juu yake, cinematography limetimia. Ukiwa na C na L, una crystallography.

Lakini kabla ya yote hayo, soma swali. Kuna swali linalotaka neno liwe na herufi hizo huku ukiruhusiwa kuongeza nyingine upendavyo. Kuna linalokufungia kwenye herufi ulizopewa tu, kila moja mara moja. Ndivyo ilivyo katika Countdown, kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoanza mwaka 1982, ambacho mshindani hupewa herufi 9 na sekunde 30. Na kuna Spelling Bee ya gazeti la The New York Times, ambayo herufi ni 7 lakini unaweza kuzirudia, mradi ile ya katikati isikosekane. Mbinu zinatofautiana kabisa. Ukiruhusiwa kurudia, -ing inakuwa hazina kubwa. Usiporuhusiwa, -ness inakudai S mbili, nawe huenda una moja tu.

Tuchukue A, E, I, N, R, S, T, herufi ambazo wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, huzifurahia sana kwa sababu kutumia vigae vyote 7 kwa mkupuo kunaongeza pointi 50. Mimi huziandika kwa duara, si kwa mstari, maana mstari hudanganya jicho lisome neno ambalo halipo. Kisha natoa tamati pembeni na kutazama kilichobaki. Toa -S, zinabaki herufi za retain na retina, hivyo una retains na retinas. Toa -IER, zinabaki N, A, S, T: nastier. Toa -ER, zinabaki A, I, N, S, T: stainer. Herufi zilezile, maneno manne.

Kompyuta ifuate baada ya kichwa kuchoka. Kwenye kompyuta nyingi za Linux na Mac kuna faili lenye orodha ya maneno ya Kiingereza, na amri hii, ukiiandika kwenye dirisha la amri (terminal), itakuchujia yenye herufi zetu za mwanzo:

grep q /usr/share/dict/words | grep f | grep n | grep t

Mpangilio wa herufi hauna shida, kila kichujio kinashughulikia yake. Ukitaka S mbili andika grep 's.*s'. Orodha hizi huchanganya majina ya watu na miji, kwa hiyo hakiki neno kwenye kamusi mnayoitumia. Katika Scrabble hilo ni muhimu mno, kwa sababu Marekani na Kanada wana orodha yao, na sehemu nyingine nyingi hutumia ya wachapishaji wa kamusi Collins, yenye maneno mengi zaidi.

Kama unataka kujipima sasa hivi, chukua K, W, G, D na B. Neno lipo, lina herufi 13. B imo kwenye tamati, na K haitamkwi.