Kabla ya Kuihukumu Shule ya Kata kwa Matokeo Yake

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi huniuliza swali lilelile: je, wamwondoe mtoto katika shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya kutwa iliyo jirani nao? Nimefundisha katika sekondari za serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo ni mimi niliyesimama mbele ya wazazi na bodi ya shule kuyaeleza matokeo hayo. Ushauri wangu ni huu: matokeo ya shule hayasomeki mpaka ujue ni watoto gani waliofanya mtihani, na mengi ya hayo mzazi anaweza kuyatafuta mwenyewe katika tovuti ya Baraza kabla hajauza ng'ombe ili alipe ada ya shule binafsi.

Anza kwa kuiweka kando asilimia ya ufaulu. Katika mtihani wa mwaka 2024 watahiniwa wa shule waliofaulu nchini walikuwa asilimia 92.37, lakini katika hesabu hiyo wamo wote kuanzia daraja la kwanza hadi la nne, wakati waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa chini ya nusu. Daraja la nne ni pointi 26 hadi 33, na mwenye daraja hilo kwa kawaida hachaguliwi kuingia kidato cha tano. Kwa hiyo hesabu madaraja matatu ya juu peke yake, kisha uangalie safu ya sifuri, yaani ya waliofeli. Kuhusu wastani wa shule, ule unaoandikwa GPA, kumbuka kwamba A huhesabiwa 1 na F huhesabiwa 5, hivyo namba ndogo ndiyo nzuri. Nimewasikia wazazi wakiisifia shule kwa wastani uliopaswa kuwatia wasiwasi.

Baada ya hapo uliza watoto hao waliingiaje. Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato na shule mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana, ni shule za serikali kama ilivyo ya kwenu, ila hupokea watoto waliofanya vizuri sana darasa la saba. Shule ya kata humpokea karibu kila aliyefaulu katika vijiji vyake. Shule hizi ziliongezeka kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari kuanza mwaka 2004, na ada ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, madarasa yakajaa watoto ambao zamani wangebaki shambani au machungani. Hilo ni jambo jema kabisa, na inaniuma kuona shule ikidharauliwa kwa sababu ilimfungulia mlango kila mtoto.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakitangazwi na mtu, ingawa kila mwenye simu anaweza kukikokotoa. Baraza huchapisha pia matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, shule kwa shule. Chukua matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024, kisha fungua ya kidato cha pili ya mwaka 2022 ya shule hiyohiyo, kwa kuwa wengi wao ni watoto walewale. Tuseme mwaka 2022 walifanya wanafunzi 140, na mwaka 2024 wakafanya 85. Hao 55 wamekwenda wapi? Wapo waliokariri darasa na wapo waliohama, lakini wapo pia walioacha shule, na shule iliyopoteza watoto kiasi hicho inaweza kuonyesha matokeo mazuri kwa sababu tu walio dhaifu hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Kinyume chake, ukiona shule iliyofika kidato cha nne na karibu watoto wake wote, na sifuri zikawa zimepungua tangu kidato cha pili, hapo walimu wanafanya kazi, hata kama daraja la kwanza ni wawili tu.

Karatasi ya matokeo huonyesha pia wasichana na wavulana mbalimbali, na mstari huo wazazi wengi huuruka. Pale ambapo sifuri za wasichana ni nyingi kupita kiasi, mara nyingi nimekuta umbali ndio chanzo: binti anatembea saa nzima asubuhi na jioni, akifika nyumbani anasubiriwa na maji na jiko, au amepangishiwa chumba karibu na shule, yale wanayoyaita mageto, bila mtu mzima wa kumwangalia. Uliza kama shule ina bweni au hosteli, na kama chakula cha mchana kinapatikana. Uliza pia kama wasichana waliojifungua wamerudi darasani, maana waraka wa serikali wa mwaka 2021 unawaruhusu.

Mwisho angalia jedwali la masomo. Ikiwa watahiniwa ni 85 na waliofanya Fizikia ni tisa, ulizia kama mwalimu wa somo hilo yupo, au wanafunzi walishauriwa kuliacha ili kulinda wastani wa shule.

Ukiwa na majibu hayo, nenda kwa mkuu wa shule siku ya kawaida badala ya siku ya kikao, umwombe akueleze wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza wanasaidiwaje kuhama kutoka Kiswahili walichosomea msingi kwenda Kiingereza. Asipokuwa na jibu la wazi, na hesabu ya watoto waliopotea ikawa kubwa miaka miwili mfululizo, omba uhamisho kwenda shule nyingine ya serikali mapema, mtoto akiwa kidato cha kwanza au mwanzoni mwa cha pili, kabla hajasajiliwa kwa upimaji.