Boga la Oktoba na watoto jikoni

Dada, umeuliza upike nini na watoto Oktoba hii huko Ohio, maboga yakiwa yamejaa madukani. Pika boga la nazi. Usichukue yale makubwa ya kuchongea sura za Halloween. Yana maji mengi na utamu haba. Tafuta dogo, zito mkononi. Wewe kata, ganda ni gumu. Watoto wachokoe mbegu kwa kijiko, wazioshe, wazikaushe kwa taulo. Zipake mafuta na chumvi, zioke kwa nyuzi 325 za Farenhaiti, dakika 20 hivi, ukizigeuza. Hizo watazigombania, nakwambia! Vipande vya boga vichemshe kwa maji kidogo mpaka vilainike, kisha utie tui la kopo, sukari na iliki, moto mdogo, hadi tui liwe zito.