Kwa nini lipasi hushuka ghafla ndani ya bioriakta?

SWALI: Ninakuza kuvu aina ya Aspergillus niger ili nipate lipasi, kimeng'enya kinachomeng'enya mafuta. Katika chupa za kutikiswa mavuno ni mazuri, lakini katika bioriakta (chombo cha kukuzia vijidudu) ya lita 5, kwa mafuta yaleyale ya alizeti, lipasi hupanda kisha hushuka ghafla, na kimiminika hugeuka uji mzito. Je, niongeze mafuta? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usiyaongeze kwa sasa. Ni kweli kwamba mafuta huichochea kuvu kutengeneza lipasi na kwamba glukosi ikizidi huizuia, lakini huo uji mzito unanifanya niishuku oksijeni kwanza. Nyuzi za kuvu zikitawanyika na kusongamana, viputo vya hewa huungana, hupanda juu haraka kabla oksijeni yake haijayeyuka, na pembe zilizo mbali na mapanga ya kikorogeo hukosa hewa hata kama kipimo cha oksijeni kilicho karibu nayo kinasoma vizuri.

Liko pia jambo la Nairobi ambalo miongozo iliyoandikwa pwani za mbali haiwezi kukukumbusha. Katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,700, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Maji safi ya nyuzijoto 30, ambayo yakishiba hewa kule hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba kama 6.2. Hiyo 6.2 ndiyo asilimia 100 ya kipimo ulichokirekebisha hapa, kwa hiyo mwongozo unaotaka oksijeni ya asilimia 30 uusome kama 36 au zaidi.

Kuongeza kasi ya kikorogeo husaidia kwa kiasi tu, kwani nyuzi zinazokatika humwaga protisi, yaani vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, ambazo huila lipasi. Ningependelea upunguze mbegu za kuvu unazopandikiza, ili ikue kama vidonge vidogo na kimiminika kibaki chepesi, kisha uchanganye oksijeni kidogo kwenye hewa inayoingia. (Chombo cha kioo kisiongezwe shinikizo kamwe.)

Baada ya hapo pima lipasi na protisi kwa pamoja kila baada ya saa 6. Protisi ikipanda lipasi inaposhuka, vuna mapema na upoze mara moja. Isipopanda, chunguza matone ya mafuta yaliyobaki pamoja na nyuzi zenyewe, kwa sababu lipasi hunata huko na hutupwa unapochuja.